Kabla hujajiita mvivu, kapime damu

Mwaka juzi niliishiwa hamu ya kila kitu. Naamka nimechoka kama niliyelima usiku kucha, nawafunga watoto vifungo vya mashati ya shule, wakishatoka tu narudi kitandani. Machozi yananitoka nikichambua mchele. Wifi yangu alidhani nimegombana na kaka yake. Jirani akasema ni mapepo, niombewe. Mimi nilijiita mvivu, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

Nilikwenda zahanati kwa sababu ya kizunguzungu, wala sikuitaja huzuni. Muuguzi alinivuta kope la chini akatazama ndani. "Dada, huku peupe." Kipimo kikasoma hemoglobini, ile protini ya damu yenye chuma inayobeba oksijeni, 8.1, wakati mwanamke mzima asiye mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 12. Akaniuliza hedhi yangu huchukua siku ngapi. Halafu akaniuliza chai nakunywa saa ngapi.

Chai! Nilikuwa nakunywa ya rangi, kali, asubuhi na maandazi, mchana juu ya maharage, usiku nikishushia ugali na mchicha. Chai ina tanini, na tanini hushikana na madini ya chuma tumboni yasiingie kwenye damu. Chuma cha mchicha na maharage ndicho kinachozuiliwa zaidi. Cha maini, nyama na samaki hupita kwa urahisi. Kwa hiyo mboga nilikula, faida yake niliimwaga kwa kikombe changu mwenyewe. Ukiongeza hedhi nzito ya siku nane kila mwezi, hesabu haiwezi kukaa sawa.

Kazi ya chuma si kubeba oksijeni tu. Ubongo unakihitaji kutengeneza serotonini na dopamini, kemikali zinazohusika na hisia zetu na ile hamu ya kufanya jambo. Magnesiamu na zinki nazo zina kazi zao kwenye mishipa ya fahamu, na hapo ndipo ninapowasihi mrudie dona. Mahindi yakikobolewa kupata sembe nyeupe, sehemu kubwa ya madini hayo huondoka na kiini na pumba, kuku wakapata kilichokuwa chetu. Nyumbani kwangu sasa ni dona, dagaa wa Mwanza mara tatu kwa wiki, mbegu za maboga za kukaanga, na mchicha ninaoukamulia limau, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia. Maharage nayaloweka usiku na maji yale namwaga. Chai bado nakunywa, ila nasubiri zaidi ya saa moja baada ya kula.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Chakula hakichukui nafasi ya matibabu ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Australia walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kwa watu 67 wenye sonona waliokuwa wakila vibaya. Baada ya wiki 12, karibu theluthi ya waliosaidiwa kubadili mlo walikuwa wamepata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 8 ya wale waliopewa mtu wa kuzungumza nao tu. Lakini wengi wao walikuwa tayari kwenye dawa au ushauri nasaha. Mlo uliongezwa juu yake. Tena mambo haya huzungukana: mwenye sonona hukosa hamu ya kula, na asipokula madini yanazidi kupungua.

Vidonge vya chuma usinunue duka la dawa kwa kukisia. Chuma kikizidi mwilini hudhuru ini, na zinki ikizidi hupunguza shaba. Pima kwanza. Ukipewa vidonge, choo kitakuwa cheusi na pengine kigumu, usishtuke ukaviacha.

Damu yangu ilifika 12 baada ya miezi minne, na hedhi nayo ilitibiwa. Uchovu uliondoka kwanza. Machozi yalipungua, hayakuisha, ndipo nikakubali kwenda kwa mshauri, ambaye naonana naye mpaka leo. Wewe ukifika mahali pa kuwaza kuwa ni heri usingekuwepo, usingoje mchicha ukuponye: mwambie mtu wako wa karibu na uende hospitali siku hiyohiyo. Na ukiwa mbele ya daktari, mtajie vyote viwili, kizunguzungu na huzuni. Mimi nilitaja kimoja tu.