Servisi ya wakala: ankara ndefu, filta ileile

Barua nyingi za mwezi huu zinalalamikia jambo moja: gari limepelekwa servisi ya kawaida kwenye karakana ya wakala wa kampuni iliyolitengeneza, pesa imelipwa, kisha mwenye gari anafungua boneti nyumbani na kukuta kazi haikufanyika. Tumechagua nne.

SWALI: Nina pikapu ya dizeli niliyoinunua mpya. Juzi nimeipeleka kwa wakala kwa servisi ya kilomita 40,000. Ankara inaonyesha oili lita 8, filta ya oili, filta ya dizeli, filta ya hewa, kubadilisha hidroliki ya breki, na "ukaguzi wa breki magurudumu yote". Nyumbani nikapima oili, imepita alama ya F (imejaa). Nikafungua boksi la filta ya hewa, mikunjo imejaa vumbi jekundu. Asubuhi nikakuta matone ya oili sakafuni. Kijitabu cha gari kinasema injini inachukua lita 7.5 filta ikibadilishwa, na 7.0 isipobadilishwa. Je, nimeibiwa? Nianzie wapi?
*Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam*

JIBU: Anza na oili, kwa sababu katika yote uliyotaja ndiyo inayoweza kukuharibia injini wiki hii hii. Pima upya kwa utaratibu. Egesha mahali tambarare injini ikiwa imeshapata moto, izime, subiri dakika tano hadi kumi ili oili yote ishuke kwenye sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Soma pande zote mbili, na uamini ule upande unaoonyesha chini, maana upande mwingine mara nyingi umepakwa oili na ukuta wa bomba.

Kwa injini nyingi nafasi ya kati ya L (alama ya chini) na F ni lita 1 hadi 1.5. Ikivuka F kwa milimita moja au mbili, usihangaike. Ikivuka kwa kiasi cha theluthi ya nafasi hiyo, ipunguzwe kabla hujasafiri. Oili ikiwa juu mno, kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inaanza kuipiga na kuikoroga mpaka inatoa povu. Pampu hainyonyi povu kama inavyonyonya oili. Presha inashuka na beringi zinakosa ulinzi wake. Nyingine inasukumwa kwenye bomba la kupumulia la injini, inaingia kwenye turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) na kuteremka hadi kwenye mitungi. Injini ya dizeli huweza kuichoma oili hiyo kama mafuta ya kawaida, na ikifika hapo hupandisha mizunguko yenyewe hata ukizima swichi. Ni jambo la nadra, lakini likitokea mara nyingi injini haiponi.

Sasa tazama hesabu ya ankara yako. Lita 8 zimeingia mahali pa lita 7.5, hivyo nusu lita imezidi hata kama kazi nyingine zote zilifanyika sawa. Ukikuta ziada inakaribia lita nzima, una sababu ya kuitilia shaka filta: filta ya zamani ikiachwa mahali pake inabaki na nusu lita yake ya oili chafu, kisha fundi anajaza kipimo cha filta mpya. Huo peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa oili iliyomwagwa injini ikiwa baridi, au kwa dakika tatu tu kwa sababu ya haraka, nayo inaacha mabaki mengi ndani. Kwa hiyo kaitazame filta yenyewe. Injini ikiwa imepoa, hendibreki imevutwa, chukua tochi. Filta ya jana ina rangi inayong'aa na maandishi yanasomeka. Iliyotembea kilomita 5,000 kwenye vumbi ina ukoko mweusi wa vumbi lililogandana na oili, hasa kwenye ukingo wa chini.

Filta ya hewa haina mjadala. Hakuna filta inayojaa vumbi kwenye mikunjo kutoka karakana hadi Mbezi. Ipige picha ikiwa bado ndani ya boksi lake, kabla hujaigusa. Kisha itoe, upitishe kitambaa cheupe kwenye bomba la upande wa pili, ule unaoelekea kwenye turbo. Kitambaa kikitoka kisafi, hasara yako ni bei ya filta. Kikitoka na vumbi, maana yake filta haikukaa vizuri au klipu moja haikufungwa, na mchanga umekuwa ukipita. Vumbi hilo hula mapanga ya turbo na kukwangua ringi za pistoni, nawe utaligundua miezi baadaye gari litakapoanza kula oili. Likiwapo, liandike kwenye malalamiko kama jambo la pekee. Lisichanganywe na suala la filta chafu.

Kuhusu matone, weka katoni chini ya injini usiku. Fundi akifungua filta, oili kidogo humwagikia kwenye kinga ya chini na kuendelea kudondoka siku mbili tatu, kisha inakoma. Doa likirudi palepale kila asubuhi, angalia nati ya kumwagia oili. Washa yake, ile pete laini, ni ya kutumika mara moja: hubonyea ili izibe. Ikirudishwa ya zamani inavuja, na fundi anayetaka kuzuia uvujaji huo huongeza nguvu ya kukaza. Sampo za alumini hazivumilii mchezo huo. Nati hizi kwa magari mengi madogo hukazwa kwa takriban Nm 40 tu (Nm, nyutoni-mita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Akizidisha, uzi wa sampo unakatika, na hapo utauziwa sampo.

Hidroliki ya breki iangalie kwenye kopo lake. Mpya ina rangi ya asali nyepesi au haina rangi kabisa. Ya zamani ni kahawia. Inabadilishwa, kwa ratiba nyingi, kila miaka 2 au kilomita 40,000, kwa sababu inafyonza unyevu wa hewani. DOT 3, aina mojawapo ya hidroliki hiyo, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishafyonza unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Anayeteremka Kitonga na mzigo huku mguu uko kwenye breki muda wote anajua pedali inayozama ina maana gani. Lakini jihadhari: karakana nyingine hunyonya iliyo kwenye kopo tu na kujaza mpya juu. Kopo linapendeza, mipira ya breki inayokwenda kwenye magurudumu inabaki na ile ya kahawia. Njia ya kujua ni fundi kufungua kidogo nipeli (kinati cha kutolea hidroliki) ya gurudumu la nyuma mbele yako.

"Ukaguzi wa breki" hauwezekani bila kufungua magurudumu. Nati zikiwa na vumbi na udongo uleule kwenye pembe, hakuna spana iliyopita hapo.

Kama umeibiwa au umefanyiwa uzembe, sisi hatuwezi kuamua tukiwa mbali. Karakana nyingi kubwa humpimia fundi muda maalumu kwa kila kazi, na akibanwa anaruka vile ambavyo mteja havioni: filta iliyo ndani ya boksi, breki zilizo nyuma ya rimu. Kwako tiba ni moja kwa hali zote mbili. Usimwite fundi wa mtaani kugusa chochote kwanza. Mwandikie meneja wa servisi ndani ya siku chache, utaje namba ya ankara, tarehe, kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, na uambatanishe picha. Omba nakala ya fomu ya kazi ambayo fundi alitia alama, si ankara peke yake. Dai kila kazi uliyoilipia ifanyike upya nawe ukiwapo, na oili ipunguzwe na wao wenyewe. Kama ni lazima ulipeleke gari, nenda taratibu bila kupandisha mizunguko. Usikubali punguzo la servisi ijayo badala ya kazi uliyokwisha kuilipia. Wakikataa, barua hiyohiyo na viambatisho vyake ndivyo utakavyovipeleka Tume ya Ushindani, FCC, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa pia jukumu la kumlinda mlaji.

Servisi ijayo, usiku wa kuamkia siku hiyo, weka doa la rangi ya kucha kwenye filta ya oili, jingine kwenye ukingo wa filta ya hewa, na mstari wa chaki unaounganisha nati moja ya kila gurudumu na rimu yake. Ni kazi ya dakika kumi, na jioni utajua bila kumuuliza mtu.

SWALI: Nilimwomba mshauri wa servisi spea za zamani nilizobadilishiwa. Akaniambia zimeshatupwa, ndiyo kawaida yao. Nina haki ya kuzidai?
*Msomaji, Nyali, Mombasa*

JIBU: Unayo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari, na inagusa makadirio ya gharama, idhini yako kabla ya kazi, na kurudishiwa spea zilizotolewa. Usiombe mwishoni wakati boksi limeshakwenda jalalani. Kabla hujatia sahihi fomu ya kazi asubuhi, andika kwa mkono: "Spea zote zilizotolewa zirudishwe kwa mwenye gari." Spea iliyobadilishwa bure chini ya waranti huenda ikabidi irudi kwa mtengenezaji; hapo omba kuiona tu.

Ukishapewa, zikague. Brekipedi iliyobakiza milimita 6 za kitambaa, lile tabaka linalosugua diski, haikuwa na sababu ya kutolewa. Wengi hubadilisha ikifika 3. Plagi za iridiamu kwa magari mengi hudumu hadi kilomita 100,000, basi ukikuta umebadilishiwa katika 40,000, uliza walisoma ratiba ya gari gani. Na hakikisha namba ya spea inalingana na gari lako, kwa kuwa kwenye boksi la taka la karakana kuna spea za kila mtu.

SWALI: Kila servisi naongezewa "kusafisha injini ndani" na "kusafisha injekta". Gari lina kilomita 28,000. Ni lazima?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Hapana. Fungua ukurasa wa ratiba kwenye kijitabu. Kama hazimo, si sehemu ya servisi. Injini iliyobadilishiwa oili sahihi kila kilomita 5,000 haina uchafu wa kuoshwa kwa dawa, na dawa hiyo isipotoka yote inaifanya oili mpya kuwa nyepesi. Injekta husafishwa zikiwa na dalili: gari linatetemeka likiwa limesimama, linatoa moshi mweusi, ulaji wa mafuta umepanda. Mwambie mshauri aondoe mistari hiyo miwili kabla hujatia sahihi.

SWALI: Wiki mbili baada ya servisi nilipata pancha usiku njia ya Shinyanga. Nati hazikufunguka kabisa, spana ya gari ikapinda. Wakala anasema nati zikikazwa sana ni usalama.
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Hakukuambia ukweli. Nati ya gurudumu ina kipimo chake. Kwa Vitz, IST na Corolla nyingi ni Nm 103, nguvu ambayo mtu wa kawaida anaifikia kwa spana ndefu bila kuikanyaga. Tatizo ni bunduki ya upepo: fundi anabana mpaka mlio unapobadilika, na bunduki nyingi zina nguvu mara mbili tatu ya inayotakiwa. Boliti inavutika, siku moja inakatika. Diski ya breki nayo hubanwa bila uwiano, na usukani unaanza kutetemeka unapofunga breki ukiwa kasi.

Rudi, waambie walegeze zote na kukaza kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa limeshushwa chini. Boliti yoyote ambayo uzi wake umevutika au nati haizunguki kwa vidole mpaka karibu na mwisho ibadilishwe kwa gharama zao, na spana iliyopinda iingizwe kwenye dai hilohilo. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, zikaguliwe tena. Nyumbani jaribu mwenyewe kufungua nati moja ya kila gurudumu kwa spana iliyo ndani ya gari, ukiirudisha kabla hujagusa inayofuata. Isipofunguka uani mchana, haitafunguka njiani usiku.