Kompyuta ya filamu isiyosikika: chagua prosesa kwanza, feni baadaye

Mkuu, nimeisoma orodha yako mara mbili kabla ya kujibu. Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu anataka kompyuta ya kukaa chini ya TV sebuleni, kazi yake filamu za 4K na muziki basi, na sharti lake kubwa ni kwamba isisikike. Amepanga prosesa ya wati 125, kadi ya grafiki, upozaji wa maji, diski mbili za kuzunguka za inchi 3.5 na pawa saplai ya wati 750, halafu anauliza feni zipi zina kelele ndogo zaidi.

Naomba nikurudishe nyuma hatua moja. Feni inavuma kwa sababu kuna joto la kutoa nje. Ukishanunua joto lote hilo, hakuna feni itakayolimaliza. Itapunguza tu kelele. Ukimya unaamuliwa siku unayochagua prosesa, na mimi ilinichukua karibu mwaka mzima kulijua hilo.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na Core i5 ya kizazi cha 4, zile za mwaka 2013. Filamu za 1080p ilicheza bila shida na huisikii. Balaa lilianza siku nilipoweka faili la 4K la HEVC ya biti 10 (HEVC ni namna mojawapo ya kubana video). Kwenye filamu mtu amekaa peke yake gizani, hasemi neno, na chini ya TV feni inavuma kama mashine ya kukaushia nywele. Nikabadilisha feni. Nikabadilisha na hitisinki, kile chuma cha kunyonya joto la prosesa, nikaweka kubwa zaidi. Kelele ikashuka lakini haikuisha. Ni mpaka nilipofungua dirisha la matumizi ya prosesa huku filamu inaendelea ndipo nikaelewa: viini vyote vinne vilikuwa juu ya asilimia 90, na picha bado inakwamakwama.

Sababu yake ni hii. Video iliyobanwa inaweza kufumbuliwa kwa njia mbili. Ama viini vya kawaida vya prosesa vinakokotoa kila kitu vyenyewe, na hapo joto linapanda, ama kazi inapewa sakiti maalumu iliyomo ndani ya chipu, ambayo haifanyi lingine na inakula umeme kidogo mno. Tatizo ni kwamba sakiti hiyo inajua fomati zile tu ilizotengenezewa. HEVC ilipitishwa 2013, kwa hiyo chipu yangu haikuijua kabisa. Kwa Intel, HEVC ya biti 10 ilikaa sawa kuanzia kizazi cha 7, na AV1, fomati ya 2018 ambayo YouTube wanaitumia sana, ilianza kizazi cha 11. Kwa AMD angalia vizuri: Ryzen 5 5600G ni prosesa nzuri na watu wanaipendekeza kila siku, lakini haina sakiti ya kufumbua AV1. 8600G inayo. Na ukiona prosesa ya Intel ina herufi F mwishoni, hiyo haina grafiki ya ndani, achana nayo kwa kazi hii.

Ukipata chipu yenye sakiti sahihi, kadi ya grafiki haina kazi kwako, maana umesema michezo huchezi. Hapo umeondoa feni mbili au tatu kwa mpigo.

Leo natumia Intel N100. Ni chipu ndogo, viini 4, imetangazwa kwa wati 6, lakini inafumbua HEVC ya biti 10, VP9 (fomati nyingine ya video) na AV1 bila kutoka jasho. Faili lile lile lililoitesa mashine ya zamani linacheza huku kipimo cha umeme nilichochomeka ukutani kikisoma wati 14 hivi, na hizo ni za mashine nzima. Joto la kiasi hicho linaondoka lenyewe kupitia kipande cha alumini. Zipo madabodi (bodi kuu za kompyuta) za saizi ndogo ya mini-ITX zenye chipu hii zisizo na feni hata moja, kwa mfano ASRock N100DC-ITX, ambayo inapokea umeme wa volti 19 kutoka kwenye adapta ya nje kama laptop, kwa hiyo hata pawa saplai ya ndani huihitaji. Kabla hujalipia madabodi yoyote, soma mstari wa HDMI kwenye maelezo yake. HDMI 1.4 inaishia 4K kwa fremu 30 kwa sekunde. Unataka 2.0 kwenda juu ndipo upate 60.

Sasa nije kwenye kelele ya pili, ambayo ilinisumbua kuliko feni.

Nilipohamia mashine mpya nilihamisha na diski zangu mbili za kuzunguka. Nikawasha nikijua sasa nimefika, hakuna feni ndani. Nikasikia mlio mzito wa chini, mmmmm. Nikadhani ni sabufa. Nikaizima, mlio upo palepale. Nikachukua lile bomba la kadibodi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha, nikaweka upande mmoja sikioni, nikapita nalo kila kona. Mlio ulikuwa mkubwa kwenye mlango wa kabati la TV kuliko kwenye kompyuta yenyewe! Nikainyanyua kompyuta ikiwa inawaka, kwa mikono miwili na polepole sana maana diski inayozunguka haitaki mshtuko, sentimita mbili tu juu ya kabati. Kimya. Nikaishusha: mmmmm.

Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kila sekunde, na mtikisiko wake unatoka na kasi hiyohiyo, herzi 120. Kabati langu ni la mbao nyembamba na lina uwazi ndani, kwa hiyo lilikuwa linafanya kazi ya ngoma. Diski zikiwa mbili ni mbaya zaidi, kwa sababu kasi zao zinapishana kidogo tu, basi mlio unakuwa unapanda na kushuka taratibu, na sikio haliwezi kuusahau. Nilifungia diski kwa vishikizo vya mpira, nikaweka kipande cha sponji la godoro chini ya keisi, ikapungua sana. Lakini kilichokata mzizi wa fitina ni kuzitoa diski sebuleni. Ziko chumba kingine kwenye kompyuta ya zamani, filamu zinakuja kwa kebo ya mtandao. Ndani ya mashine ya sebuleni kuna SSD (diski isiyozunguka) moja tu ya gigabaiti 250 kwa ajili ya mfumo.

Usiogope kwamba mtandao hautatosha. Diski za Blu-ray za 4K zinaishia megabiti 128 kwa sekunde, na kebo ya gigabiti inabeba 1000. Ila hakikisha vifaa vyote njiani ni vya gigabiti, kwa sababu tundu la megabiti 100, ambalo bado lipo kwenye vifaa vingi, litakukatizia filamu kwenye matukio mazito.

Kama una sababu ya kutaka prosesa yenye nguvu zaidi, labda baadaye utaongeza kazi nyingine, basi feni zitakuwepo, na hapo kanuni ni upana. Feni pana inasukuma hewa ileile kwa mizunguko michache. Ukishusha mizunguko ya feni hadi nusu, hewa inapungua nusu, lakini kelele inashuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu linaona desibeli 10 kama nusu ya ukubwa wa sauti. Ndiyo maana nachagua keisi inayopokea feni ya milimita 120 au 140 hata kama ni nene kidogo, badala ya ile nyembamba ya kupendeza inayokubali ya milimita 80 tu. Keisi ikikubana, Noctua NH-L9i ina kimo cha milimita 37 na inaingia karibu popote, ila usiipe prosesa ya wati 125. Chukua feni za pini 4 ili madabodi iweze kuzishusha vizuri. Ryzen ya wati 65 kwa kawaida inaruhusiwa kuvuta mpaka 88. Ingia BIOS, ile mipangilio ya madabodi kabla mfumo haujawaka, uiweke kwenye Eco Mode ya wati 45. Kwa filamu hutaona tofauti yoyote, kwa sikio utaiona.

Ukiwa humohumo BIOS, rekebisha jinsi feni inavyoitikia joto. Hili watu wengi wanaliruka, na linaniuma kwa sababu ni la bure. Feni inayopanda na kushuka kila dakika inachosha kuliko inayovuma kidogo bila kubadilika. Mpe feni kasi moja ya chini mpaka joto lifike kama nyuzi 65, na ongeza muda wa kusubiri kabla haijaitikia, ili kufungua programu moja kusiifanye iruke.

Upozaji wa maji uache. Watu wanasahau kwamba pampu haipumziki: inazunguka hata prosesa ikiwa haina kazi, na feni za rejeta bado zipo. Kwa mashine inayokaa mita mbili kutoka kochi, umeongeza chanzo kimoja cha mlio.

Pawa saplai ya wati 750 kwa mashine inayokula 14 au hata 60 ni mzigo wa bure. Kama ni lazima uwe nayo ndani, tafuta inayozima feni yake mzigo ukiwa mdogo, na ukiweza chukua ya ATX (saizi ya kawaida) yenye feni ya milimita 120 kwenda juu kuliko SFX (saizi ndogo) ambayo feni yake ni ndogo. Ukisikia mlio mwembamba kama wa mbu hata feni zikiwa zimesimama, hizo ni koili zinatetemeka. Hakuna mpangilio utakaouondoa, rudisha kifaa dukani kabla muda wa kurudisha haujaisha.

Na usidhani kikasha kidogo cha kompyuta kilichotengenezwa tayari ndicho suluhisho la haraka. Nilikuwa nacho kimoja. Feni yake ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chupa ya maji, na ilibidi ikimbie kwelikweli ili kupoza chipu isiyo na makuu. Kama ni kikasha, kiwe kisicho na feni kabisa, chenye mapezi ya chuma kwa nje.

Mfumo ninaotumia ni LibreELEC, mfumo wa Linux unaoanza moja kwa moja kwenye Kodi, programu ya kuchezea filamu. Washa mpangilio wa kubadilisha kasi ya TV kufuata filamu. Filamu nyingi ni fremu 23.976 kwa sekunde, na ukiilazimisha TV ibaki 60, kamera ikipita polepole utaona picha inarukaruka. Ila kama unategemea huduma za filamu za mtandaoni kupitia kivinjari, jua kwamba kwenye Linux nyingi hazikupi 4K, kwa hiyo amua hilo kabla ya kununua chochote.

Kabati lako lina mgongo wazi au limefungwa? Hukusema. Kama limefungwa, toboa nyuma sehemu mbili, chini na juu, kwa sababu hata mashine isiyo na feni inahitaji hewa ipite. Pima kina na kimo cha nafasi hiyo kwa tepu, uandike hapa, nami nitakuambia keisi zipi zinaingia.