Nilifeli Mtihani kwa Harufu ya Mafuta ya Taa

Wiki iliyopita nimefaulu mtihani wa kuonja mvinyo. Mara ya kwanza nilifeli kwa glasi moja tu, na leo naisimulia kwa ajili yenu ndugu zangu mnaohudumu mahotelini, mliochoka kubeba sahani na mnatamani siku moja kukabidhiwa stoo ya mvinyo.

Glasi yenyewe ilikuwa Riesling, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo, ya zamani, ya bonde la Mosel, hapa Ujerumani ninakofanya kazi. Nilipoinusa nilijikuta jikoni kwa bibi, koroboi imezimwa muda huo huo. Mafuta ya taa kabisa! Nikaandika: "Mvinyo umeharibika." Msimamizi akasoma jibu langu mbele ya wenzangu, akasema pua yangu haijazoea vitu hivi. Neno hilo linaniuma hadi leo, maana pua ilikuwa imesema kweli. Mimi ndiye niliyekosea kuhukumu.

Riesling changa hunukia limau, tufaha la kijani, pichi. Ikikaa miaka chupani, karotenoidi (rangi za asili za manjano) zilizotoka kwenye zabibu zikishavunjika huzaa harufu hiyo ya mafuta ya taa, na zabibu zilizopigwa jua sana huwa nayo zaidi.

Baada ya kufeli niliomba kibarua cha kuvuna, Oktoba, huko huko Mosel. Miteremko ni mikali mno, unavuna huku umeshikilia nguzo ya mzabibu usiporomoke. Chini ya buti ni mawe ya sleti, yale ya vibao vya kuandikia vya zamani, yanamomonyoka na kuteleza. Hufyonza joto mchana na kulirudisha usiku, ndiyo maana zabibu huiva kwenye nchi ya baridi vile, na baridi nayo huulinda uchachu. Mzee mmoja alinipa punje nionje. Ilianza na utamu, mara ikanikaza mataya kama ukwaju. Hapo nikaelewa kwa nini Kabinett (mvinyo mwepesi wa Kijerumani) yenye sukari na kilevi cha asilimia 8 hivi haimkinaishi mnywaji.

Basi nusa kwanza, andika, ndipo uhukumu. Andika kwa maneno ya kwenu: ukwaju, ganda la chungwa, koroboi. Na lebo isikutishe. Kabinett, Spätlese na Auslese hueleza zabibu zilivyoiva siku ya kuvunwa, si lazima mvinyo uwe mtamu. Ukiona "trocken", ujue ni mkavu, yaani si mtamu. Nusa tena. Andika tena. Wala usimruhusu mtu akuambie pua yako ni ngeni mezani. Vijana wetu wengi wameacha fani hii kwa maneno kama hayo, na mimi nilibakiza kidogo.

Safari hii, glasi ya tano, koroboi ikarudi. Mkono ulitetemeka. Nikaandika: mafuta ya taa, asali, ganda la limau. Riesling, ya zamani, mvinyo mzima.