Tasi si ng'ombe

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa mwani, Pemba. Mwaka huu nimefuga samaki aina ya tasi kwenye kizimba, nawalisha mabaki ya mwani. Choo chao kimejaa vipande vya mwani. Jirani kasema hawasagi chakula, nichanganye na maji ya tumbo la ng'ombe kutoka machinjioni ili wapate bakteria. Mwingine kaniletea vidonge vya tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifuate hata moja. Tena ajabu yake, mmoja anataka kuwatia tasi bakteria na mwenzake anataka kuwaua bakteria, na wote wawili wanajiita wajuzi.

Hilo la tumbo la ng'ombe nimechoka kulisikia. Watu husema ng'ombe anakula majani, tasi anakula majani, basi matumbo yao ni mamoja. Majani ya nchi kavu yamejaa selulosi, yaani nyuzi ngumu za kuta za seli, na ng'ombe ana bakteria wa kuichachua. Mwani huo mwekundu unaoulima umejaa karajinani, ule ute mzito wa mwani, kitu kingine kabisa, na tasi wala hahangaiki nayo sana. Anachokitaka kimo ndani ya seli: wanga na protini. Asidi ya tumboni hudhoofisha kuta za seli, vilivyomo vikavuja, na utumbo mrefu uliojikunja ukavifyonza. Kinachobaki hutoka upesi, ndiyo maana tasi anakula mchana kutwa. Hivyo vipande unavyoviona ni machicha baada ya kukamua tui.

Kila samaki na njia yake. Pono hana tumbo kabisa. Anasaga kwa meno ya kooni, pamoja na chembe za matumbawe, na choo chake ni mchanga mweupe. Wapo kweli wanaochachua: baadhi ya puju wanaokula mwani wa kahawia hutumia bakteria wa sehemu ya nyuma ya utumbo, wakapata asidi kama ile ya kwenye siki na kuifanya nguvu ya mwili. Kangaja mmoja wa Bahari ya Shamu ana bakteria aitwaye Epulopiscium, mkubwa hata kuonekana kwa macho. Alipoelezwa mwaka 1985 hakudhaniwa kuwa bakteria. Ilithibitishwa mwaka 1993.

Lakini hao ni bakteria wa samaki, wa baharini. Wa ng'ombe wamezoea joto la nyuzi 39 hivi, na mwili wa tasi una joto la maji anamoogelea. Utakachofaulu kuingiza kizimbani ni uchafu wa machinjioni, kwenye samaki utakaomuuzia mtu.

Tetrasaiklini ndiyo inayonikasirisha zaidi. Kalsiamu na magnesi za maji ya bahari huishika, samaki akafyonza kidogo tu. Nyingine inabaki majini ikifundisha vijidudu usugu. Hicho kidogo kinachoingia hakichagui bakteria mwema na mbaya, na mabaki yake hukaa kwenye nyama. Dawa ya binadamu haipewi samaki kwa kukisia, awe tasi, perege au kambale. Anayekuuzia mwulize anatibu ugonjwa gani. Choo chenye vipande vya mwani si ugonjwa.

Wewe tazama mgongo. Ukikonda, shida ni lishe: mwani wa shamba una protini kidogo. Wape na mwani laini unaoota kwenye nyavu, na chakula chenye unga wa dagaa. Maji ya tumbo la ng'ombe kamwagie mchicha.