Maswali kwa fundi: pikipiki kuukuu kwenye mbio za udongo

Barua za safari hii ni kama zimeandikwa na mtu mmoja. Pikipiki ya zamani imelala nyuma ya nyumba, na mwenyewe kasikia kuna mbio za ridhaa za wawili wawili kwenye njia iliyonyooka ya udongo. Njia zenyewe huwa fupi, mita 90 hivi, na zile ndefu hufika mita 201, yaani sehemu ya nane ya maili. Nimezifupisha barua, maana zake sijazigusa.

Fundi, pikipiki yangu ya cc 125 haijawashwa miaka sita. Nianzie wapi ili ipate nguvu?

Nguvu iache kwanza. Na kiki usiipige, hata kama mguu unakuwasha. Kwa miaka sita ringi za pistoni huenda zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu, na kiki moja ya hasira inaweza kuzivunja au kuchora silinda mistari isiyofutika. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu lake, acha ilale humo usiku mzima. Asubuhi isukume kiki kwa mkono, taratibu, mpaka uhisi pistoni inapanda na kushuka bila kukwaruza.

Kisha mwaga petroli yote iliyomo. Inuse: ikinuka kama vanishi ya mbao, basi na kabureta imejaa gundi hiyo hiyo. Ifungue yote. Jeti ni vipande vyenye tundu la kupitishia petroli. Ile ndogo, inayolisha injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kuongezwa mafuta, tundu lake ni jembamba kama unywele mnene. Ishike kwa vidole viwili uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Unatakiwa kuona nukta ya mwanga iliyo duara kamili. Ukiona umbo la mwezi mchanga, bado kuna uchafu umeng'ang'ania ukingoni. Usiichokoe kwa sindano. Chukua uzi mmoja laini wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, maana tundu likishapanuka, jeti hiyo si jeti tena.

Mwisho, breki, kabla hujaipanda hata mara moja. Kama ni za ngoma, zifungue: kwenye pikipiki iliyokaa sana, kitambaa cha breki hubanduka kwenye kiatu chake, na kutoka nje huoni kitu. Kama ni za diski, mwaga mafuta ya breki uweke mapya, kwa sababu hayo hunyonya unyevu wa hewani hata pikipiki ikiwa imelala.

Nitajuaje kama injini inafaa kuhangaikiwa au niiache?

Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwa geji inayofungwa kwenye tundu la plagi. Injini iwe imepata moto, fungua mafuta mpaka mwisho kwa kuzungusha mshikio wa usukani, piga kiki mpaka mshale wa geji ukatae kupanda. Watu wengi hupima wakiwa wamefunga mafuta, hewa haiingii vya kutosha, wanasoma namba ndogo na kulia bure. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho, lakini injini ndogo ya aina hiyo ikisoma psi 150 mimi naridhika, na ikishuka chini ya 100 naanza kuuliza maswali.

Ikiwa chini, mimina kijiko kidogo cha oili ndani ya silinda upime tena. Namba ikipanda sana, ringi au silinda imelika, kwa kuwa oili imeziba pale palipokuwa panavuja. Isipopanda, tazama valvu. Na kabla hujafungua kichwa cha silinda, pima nafasi za valvu, ule uwazi mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma, injini ikiwa baridi kabisa. Kwenye Honda CG125, kwa mfano, ni milimita 0.08, za kuingiza na za kutoa. Valvu iliyobana haifungi sawasawa, na nimeona watu wakibadilisha pistoni kwa ugonjwa wa kupona kwa spana na dakika kumi.

Sproketi, yale magurudumu ya meno ya cheni: nipunguze meno ya mbele au niongeze ya nyuma?

Vyote vinakupeleka kule kule. Mbele 14 na nyuma 42, injini inazungusha sproketi ya mbele mara 3 ili gurudumu lizunguke mara moja. Weka 13 mbele, inakuwa 3.23. Bakiza 14 mbele na uweke 45 nyuma, inakuwa 3.21. Jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma, na sproketi ya mbele ndiyo rahisi kubadilisha. Ila usiifanye ndogo kupita kiasi, cheni hujikunja sana pale na kulika upesi. Kipimo ni hiki: ukifika mwisho wa njia injini ikiwa bado ina hamu ya kupanda, umeacha meno mengi mno mbele; ikipiga kelele katikati ya njia na huna gia ya kuongeza, umekata mno.

Ukiifunga cheni, kile kiklipu cha kiungo, upande wake uliozibwa utazame mbele, kule cheni inakokwenda. Kikigeuzwa, jiwe moja linakichomoa.

Nikiachia klachi tairi la nyuma linachimba tu shimo. Wenzangu wananiambia niongeze nguvu ya injini.

Wenzako wanakupenda, lakini hawakusaidii. Nguvu uliyonayo tayari inakushinda, ukiongeza utachimba kisima. Mbio za udongo zinaamuliwa katika mita 20 za kwanza, na mita hizo zinaamuliwa na kipande cha tairi kisichozidi kiganja cha mkono. Mimi fedha yangu ya kwanza naiweka hapo, ya pili kwenye breki, na injini naiacha isubiri.

Tairi la vipande virefu vya raba ndilo linalofaa udongo. Tairi la makasia, lenye mbavu zinazokatiza upana mzima, ni la mchanga mwingi uliolegea. Kwenye udongo mgumu hizo mbavu hukanyaga juu juu na pikipiki inaruka kama mbuzi. La zamani likiwa na nyufa ubavuni, litupe hata kama vipande vyake bado virefu. Raba iliyokauka hainati.

Halafu upepo. Tairi lililojazwa kwa ajili ya lami linagusa udongo kwa mstari mwembamba tu. Mimi huanzia psi 14 nyuma na kushuka moja moja, nikitazama alama liliyoacha chini: nataka upana wote wa tairi uonekane kwenye vumbi, si katikati peke yake. Lakini hapa kuna mtego ulionikamata mimi mwenyewe. Nilishusha upepo bila kufunga kibano cha tairi, kile kidude chenye raba kinachokaa ndani ya rimu na kubana ukingo wa tairi kwa boliti. Mara ya pili kuondoka, rimu ilizunguka na tairi likabaki nyuma. Tyubu ikavutwa, na ule mdomo wa kujazia upepo ukakatwa kama kwa kisu. Nilimaliza mbio nikiwa natembea, nimeishika pikipiki kwa pembe. Tangu siku hiyo nachora mstari wa chaki, nusu juu ya tairi na nusu juu ya rimu, na nautazama kila baada ya mbio. Mistari ikiachana hata kwa upana wa kidole, nakaza kibano kabla ya kurudi kwenye foleni.

Na mkono wako nao una deni. Usiachie klachi yote kwa ghafla. Iache iteleze kidogo kwa mita chache za mwanzo, mafuta yakiwa hayatetereki, kisha iachie. Kwenye udongo uliolegea jaribu kuondoka na gia ya pili, wengi hushangaa.

Mimi tatizo langu ni kinyume: pikipiki inasimama kwa gurudumu moja.

Hongera, maana yake tairi linashika. Sogea mbele ukae karibu na tangi, kifua juu ya usukani, viwiko nje. Hiyo pekee hutibu nusu ya tatizo. Nusu nyingine, shusha mbele: kuna mikanda maalumu inayobana shokapu za mbele zikiwa zimejikunja, uzito unabaki chini. Hakikisha tu gurudumu haligusi madigadi usukani ukikatwa kushoto na kulia, na mikanda uifungue siku hiyo hiyo, sili za shokapu hazipendi kulala zimebanwa.

Kurefusha mkono wa nyuma unaoshika gurudumu kunafanya kazi sana. Lakini kama mchomeleaji wako kazi yake ni mageti, muache na mageti yake. Chuma hicho kikikatika, kinakatika ukiwa kwenye mwendo.

Nitoe chujio la hewa na egzosi ili injini ipumue?

Usitoe chujio. Njia ya udongo ina vumbi, vumbi ni mchanga, na mchanga ndani ya silinda ni msasa. Mpinzani wako akiwa mbele yako kidogo tu, unakula vumbi lake lote. Osha chujio la sponji, likaushe, lipake oili yake, likamue, lirudishe.

Na egzosi, ukiikata bila kubadilisha jeti, hewa inazidi petroli, injini inapata joto kupita kiasi na nguvu hazionekani. Kelele zinaonekana. Ukitaka kujua hali ya moto ndani, zima injini ghafla mwisho wa njia ukiwa bado umefungua mafuta, toa plagi uitazame: kahawia ya mbao ni nzuri, nyeupe kama chaki ni petroli kidogo, nyeusi ya masizi ni petroli nyingi.

Klachi yangu inateleza ingawa pleti ni mpya.

Nasikia harufu ya oili ya gari. Pikipiki nyingi klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, wakati klachi inaishi kwa msuguano. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2. Pima na urefu wa springi, za zamani huchoka zikafupika. Na kebo iwe na nafasi kidogo ya kucheza.

Yangu ni ya kuchanganya oili na petroli. Niongeze oili kwa usalama?

Fuata kipimo cha kitabu. 1:32 ni mililita 31 kwa lita moja, 1:50 ni mililita 20. Oili ikizidi imechukua nafasi ya petroli kwenye jeti ile ile, kwa hiyo unachodhani ni usalama kinapunguza petroli ya kuchoma, na plagi inachafuka juu yake.

Shikamoo fundi. Mwanangu ana miaka 19 na amekwishajiandikisha. Sijui chochote kuhusu pikipiki. Nimkague nini?

Marahaba, mama. Huhitaji kujua pikipiki. Helmeti yake iwe ya kufunika uso wote, na kama imewahi kuanguka naye, si helmeti tena. Buti zipite vifundo vya miguu, glavu, kinga ya kifua. Vioo, taa na stendi ya pembeni viwe vimetolewa. Stendi ikining'inia hujichoma kwenye udongo.

Muulize njia ya kusimamia ina urefu gani baada ya mstari wa mwisho. Kwa kilomita 80 kwa saa anapita mita 22 kila sekunde, na breki kwenye udongo hazishiki kama kwenye lami. Akikujibu "ipo tu", nenda ukaipime kwa hatua zako.

Halafu kuna kamba ya kuzimia injini: upande mmoja unafungwa kifundoni mwa mkono, mwingine kwenye swichi ya usukani. Akidondoka, kamba inachomoka na injini inazima badala ya pikipiki kuendelea peke yake kuelekea kwa watu. Mwambie awashe, apige resi kidogo, wewe uivute kamba kwa mkono wako. Isipozima hapo hapo, hiyo pikipiki isipakiwe.