Umweleze tabibu wa meno, lakini si dirishani

Ndugu yetu wa Tandahimba ameuliza kama mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU) anapaswa kumweleza tabibu wa meno hali yake, maana jirani yake alieleza akarudishwa nyumbani na jino lake likiwa bado linauma. Mimi ninaishi Masasi, ninatumia dawa hizo tangu mwaka 2014, na nimekwisha kuketi kwenye kiti cha meno mara nne. Nitamjibu kwa niliyoyaona.

Mara ya kwanza nilikosea mahali pa kusemea. Niliulizwa dirishani, foleni ikiwa nyuma yangu, kama nina ugonjwa wowote wa kudumu, nami nikajibu ukweli. Tangu hapo faili langu lilirudishwa chini ya mengine kila lilipofika juu. Nilifika saa 2 asubuhi nikaitwa saa 9 alasiri, shavu limevimba hata jicho la kushoto halifumbuki sawasawa, na maelezo niliyopewa ni kwamba watu wa aina yangu huhudumiwa mwisho ili vifaa vipate kutakaswa vizuri baadaye.

Maelezo hayo hayana mashiko. Kama vifaa vinatakaswa kwa makini baada yangu tu, basi walio hatarini ni wale wanaohudumiwa baada ya mtu asiyejua hali yake, ambaye hakuna awezaye kumpanga mwisho. Ndiyo maana utaratibu wa kukinga maambukizi humhesabu kila mgonjwa kuwa huenda anayo: glavu mpya, sindano ya ganzi ya kutumika mara moja, na koleo la kung'olea kupitishwa kwenye mashine ya mvuke, nyuzi joto 121 kwa dakika zisizopungua 15. Hata mtumishi akijichoma sindano yenye damu ya mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban 3 kati ya 1,000, na zipo dawa za kinga, zinazoanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28.

Kwa nini basi useme? Ni kwa ajili ya kinywa chako mwenyewe. Safari iliyofuata, katika hospitali nyingine, nilinyamaza dirishani, nikasema nilipokuwa ndani na mlango umefungwa. Tabibu, mama wa makamo, aliniuliza dawa ninazomeza na kipimo changu cha mwisho cha wingi wa virusi, kisha akafuta kwa gozi utando mweupe uliokuwa kwenye kaakaa. Ulibanduka, ukaacha wekundu. Alisema ni fangasi, na kwamba ungekuwa ubavuni mwa ulimi, wenye mistari na usiofutika, angewaza jambo jingine. Alining'oa jino, akaniandikia dawa ya fangasi, akanirudisha CTC, kliniki ninakochukulia dawa za VVU, nikapimwe upya, kwa kuwa mtu anayemeza dawa ipasavyo hatarajiwi kuwa na utando ule. Virusi vilikuwa vimepanda. Msimu ule wa korosho nilikuwa nikilala shambani, na kopo la dawa nililiacha nyumbani.

Kuna na suala la dawa kugongana. Kabamazepini, ambayo huandikwa kwa maumivu ya neva ya usoni, hupunguza nguvu ya dolutegraviri, iliyomo katika kidonge ambacho wengi wetu tunameza sasa. Tabibu asiyejua unachomeza hawezi kulikwepa hilo.

Dawa za CTC hatuzilipii, ila jino unalilipia mwenyewe au kwa bima, na huku kwetu wengi husubiri fedha za korosho hadi jino la kuziba linakuwa la kung'oa. Usisubiri.

Ukikataliwa, omba kumwona mganga mfawidhi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza ubaguzi wa namna hiyo, na inamtaka mtoa huduma atunze siri yako. Mimi siku ile ya faili sikwenda kwake. Nililipa, nikang'olewa, nikapanda bodaboda nikiwa na pamba mdomoni.