Kabla Hujaiamini Meli Unayoiona Kwenye Simu

"Kaka, meli si imeshafika? Naiona hapa, iko nje ya bandari." Ujumbe wa namna hii naupokea karibu kila wiki, tena ukiwa na picha ya ramani iliyojaa vimshale vya rangi. Zamani mteja wa Kariakoo alisubiri mimi, wakala wake wa kutoa mizigo bandarini, nimwambie. Siku hizi ananiambia yeye. Wapo mawakala wenzangu wanaolalamika kwamba wateja wamekuwa wajuaji. Mimi nafurahi, maana anayefuatilia mzigo wake hunisumbua kidogo siku ya kutoa hela. Shida yangu ni kwamba anasoma kila kilichoandikwa kwenye skrini kwa uzito mmoja. Ukitaka kuepuka dimareji (tozo ya kampuni ya meli kwa kuchelewesha kontena) na storeji (tozo ya mzigo kukaa bandarini), jizoeze kuuliza kila taarifa imeingizwa na nani.

Anza na hiyo ramani. Tangu mwisho wa 2004, meli za safari za kimataifa zenye ukubwa wa tani 300 na kuendelea zinalazimika kubeba chombo kinachoitwa AIS. Chombo hicho hurusha kwa redio mahali meli ilipo, mwendo wake na uelekeo wake, kila baada ya sekunde chache ikiwa safarini na kila baada ya dakika tatu ikiwa imetia nanga. Minara ya pwani na setilaiti huyadaka hayo mawimbi, na programu ya simu yako huchota huko. Sehemu hiyo inajiendesha yenyewe. Lakini bandari meli inakokwenda, saa inayotarajiwa kufika, hata maneno "iko safarini" au "imetia nanga", hayo huandikwa na ofisa wa meli kwa mkono wake, na yeye ana zamu na usingizi kama sisi. Nimeshaona meli imefunga gatini Dar huku ikiendelea kutangaza kwamba inaelekea bandari ilikotoka. Kwa hiyo tazama mwendo kwanza. Ukisoma sifuri na nukta kidogo, meli imesimama, maandishi yaseme yatakavyo. Halafu tazama imesimama wapi, maana kusubiri nje na kufunga gatini vinaweza kuachana kwa siku kadhaa. Na hata mahali penyewe pana siku zake: mwaka 2024, mawimbi ya GPS yalipovurugwa mashariki ya Mediterania, meli zilizokuwa baharini zilionekana kwenye ramani zikiwa uwanja wa ndege wa Beirut.

Usitafute meli kwa jina. Majina hufanana, na meli ikiuzwa hubatizwa upya. Tafuta kwa namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho ya Shirika la Kimataifa la Bahari, tarakimu saba ambazo meli hubaki nazo hadi inakatwa chuma chakavu. Namba hiyo inajikagua yenyewe: zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, jumlisha, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ile ya saba. Jaribu 9074729. Utapata 139, na namba inaishia na 9. Kontena nalo, baada ya herufi nne na tarakimu sita, lina tarakimu ya ukaguzi mwishoni. Hii inasaidia sana sasa ambapo watu wanapiga picha BL, ile hati ya kupakia mzigo melini, na kuiachia akili mnemba isome. Ikisoma 3 mahali pa 8 kwenye namba ya kontena, karibu kila mara hesabu itakataa, na utajua kabla hujafika forodhani.

Lakini lililo muhimu zaidi ni hili: fuata kontena, usifuate meli. Mizigo mingi ya China hushushwa njiani, Singapore, Port Klang au Colombo, ikangoja meli nyingine. Mteja ameshika jina la meli iliyotoka Ningbo, anaiona imegeuza kuelekea kwingine, anapiga simu kwa hofu kwamba mzigo umepotea. Mzigo uko Colombo, umepangwa unasubiri zamu. Tovuti ya kampuni ya meli, ukiingiza namba ya kontena, itakuonyesha lilipopakuliwa na lilipopakiwa tena.

Tarehe za kufika ndipo akili mnemba inapofanya kazi ya kweli. Inajifunza kutokana na safari zilizopita, hali ya hewa na msongamano wa bandari, na kwa niliyoyaona, wiki ya mwisho makadirio yake huwa karibu na ukweli kuliko yale ya ofisa wa meli. Ila imefundishwa na jana. Novemba 2023 Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, meli nyingi ziliacha njia ya Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika, na wateja wangu wa nguo za Uturuki wakawa wanaona tarehe inasogea kila wakifungua simu. Aliyesikiliza habari za dunia alijua aongeze wiki mbili hivi. Usipange lori kwa tarehe ya skrini, lipange kontena likishashuka. Ila nyaraka niletee meli ikiwa bado baharini, maana tamko la forodha linaweza kuanza mapema. Soma pia masharti ya kampuni yako ya meli ujue siku za bure, zile ambazo kontena halitozwi, zinaanza kuhesabiwa lini.

Na baki na nakala za karatasi. Juni 2017 virusi vya NotPetya viliangusha mitandao ya kampuni ya meli ya Maersk, ikabidi kompyuta 45,000 na seva 4,000 zisimikwe upya. Nakala ya sehemu muhimu ya mtandao ilisalimika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Wa kwetu tunaolalamikia mgao tutaelewa.

Sasa kuhusu kuuliza akili mnemba namba ya HS ya bidhaa yako, ile inayoipangia forodha kundi na ushuru wake: uliza, lakini ujue nani ameiingiza. Hakuna. Imetungwa kutokana na maandishi mengi, na mengi ni ya Marekani, kwa hiyo hukuletea namba ya tarakimu kumi kwa kujiamini kabisa. Tarakimu sita za mwanzo ndizo dunia inazoshirikiana; zinazofuata kila nchi inajipangia, na sisi Afrika Mashariki tunatumia nane. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya tangu Julai 2022 una viwango vinne vikuu: 0, 10, 25 na 35 kwa mia, na bidhaa mbili zinazofanana machoni zinaweza kuwa kwenye 10 na 35. Iambie ikupe vichwa (makundi ya bidhaa) viwili au vitatu vinavyowezekana na sababu zake, kisha fungua kitabu cha ushuru chenyewe usome maelezo ya sura. Kama bidhaa ni ngeni au unaagiza mara kwa mara, iombe forodha uamuzi wa awali kwa maandishi kabla hujalipa kiwanda. Peleka picha, maelezo ya kinachotengenezwa nacho na matumizi yake. Jina la biashara pekee halitoshi.